Jinsi ya kupata fundi wa kukufundisha tatuu (anza na ndoo yake ya taka)

Ujumbe ninaoupata kuliko wote ni huu: "Kaka, nataka kujifunza tatuu. Mashine ya kuanzia ni shilingi ngapi?" Jibu langu huwa linawaudhi: usinunue mashine. Zile seti za bei rahisi zinakuja na sindano, vichupa vya wino visivyojulikana vimetoka wapi, na kipande cha ngozi bandia ambacho hukimalizi, kwa sababu jioni ileile rafiki yako ameshajitolea mkono. Mkono huo utakuwa unakutana nao kwenye kila harusi na kila msiba mpaka uzeeni.

Ufundi huu unajifunzwa kama ushonaji au gereji: unakaa kwa fundi, unafagia, unatazama, unapewa kidogo kidogo. Ila mwanafunzi wa cherehani akijichoma, ameumia yeye na damu ni yake. Sindano ya tatuu ikikuchoma, imetoka kwenye damu ya mtu mwingine. Ukishalielewa hilo utajua kwa nini kutafuta fundi si kutafuta mwenye picha kali mtandaoni.

Mimi nilianza kwa kuandika mabango na vioo vya bajaji hapa Dar es Salaam. Ninayoyaandika ni ya hapa, ingawa wa Arusha, Mombasa au Nairobi atajiona humu bila shida.

1. Jaza daftari kabla hujamtafuta mtu

Fundi atakuuliza swali moja: unachora? Usimwonyeshe simu. Mwonyeshe daftari. Nunua la A4 lenye karatasi nzito, penseli za HB na 2B, na kalamu nyeusi ya ncha nyembamba isiyovuja. Chora kila siku, na kwa miezi kadhaa ya mwanzo weka nguvu kwenye mstari. Mstari mmoja mrefu usiotetemeka, uliovutwa kwa bega badala ya vidole, una thamani kuliko uso wa simba uliojaa vivuli. Vivuli vinaficha makosa, mstari hauna pa kujificha.

Halafu herufi. Kwenye kiti changu wanaotaka majina, tarehe na mistari ya Biblia ni wengi kuliko wanaotaka picha. Jina la mama, la mtoto, la marehemu. Andika "Mwanahamisi" kwa namna ishirini tofauti, kisha pindisha lilelile lifuate mzunguko wa kifundo cha mkono. Aliyeandika mabango ana bahati hapa. Waliopita kwenye hina nao wana bahati, maana mkono uliozoea koni ni mwepesi. Piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea mwili, ni habari nyingine: unga mwingi mweusi wa nywele unaotumika una kemikali inayoitwa PPD, na nimeona ngozi iliyotoka malengelenge yenye umbo la ua lilelile bibi harusi alilochorwa. Kama unachora piko kwa wageni ufukweni, usije ukamtajia fundi hilo kama sifa.

Tafuta michoro iliyo karibu nawe. Mlango mmoja wa Mji Mkongwe una minyororo, mawimbi na maua ya kukutosha mwezi mzima. Kanga vilevile: kaa na pindo, uone jinsi mchoro unavyokata kona bila kuvunjika, kazi hiyo hiyo utakutana nayo kwenye kiwiko. Tazama Tingatinga, mtindo ulioanzishwa na Edward Saidi Tingatinga hapa Dar mwaka 1968, jinsi mnyama mzima anavyosimama kwa rangi chache na ukingo safi. Na usisahau kwamba kuchora ngozi hakujaja kwetu na meli. Wamakonde, huku Mtwara na ng'ambo ya Ruvuma, walichanja nembo na kusugulia mkaa ndani yake, na bado wapo wazee wanaozibeba usoni. Ukikutana na bibi mwenye nembo, shikamoo kwanza, kisha uombe ruhusa ya kuinakili. Ina maana kwake, si urembo wa daftari lako.

Kurasa ishirini zilizokamilika zinatosha kwenda nazo. Toa nusu ya unazozipenda. Usiweke kitu ulichonakili mtandaoni ukadai ni chako, kwa kuwa fundi ameshakiona kabla yako. Na kama uliwahi kumchora mtu chumbani kwako, usiweke picha yake. Wanaoanza hudhani inaonyesha ujasiri. Fundi makini anaona mtu aliyeshika sindano bila kujua anachokifanya.

2. Chanja

Nenda hospitali, pima homa ya ini B, na kama huna, chanja. Ni dozi tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi mmoja, ya tatu baada ya miezi sita tangu ya kwanza. Anza sasa hivi, wakati bado unajaza daftari. Kirusi hiki kinaweza kukaa hai nje ya mwili siku 7 na zaidi, hata kwenye tone la damu lililokauka ukingoni mwa meza. Watu wanaogopa UKIMWI, lakini sindano yenye damu ya mgonjwa wa homa ya ini B inaweza kumwambukiza asiyechanjwa hadi mara 30 katika 100, wakati kwa VVU ni kama mara 3 katika 1,000. Homa ya ini C haina chanjo kabisa, kinga yake ni mikono yako na akili yako.

Beba kadi ya chanjo ndani ya daftari. Fundi akiiona bila kuiuliza, tayari umewapita wote waliokuja wiki ile.

3. Zunguka kama mteja, macho kwenye taka

Andika orodha ya wachoraji wote unaoweza kufika kwao kwa daladala. Tembelea kila mmoja. Uliza bei, kaa kidogo, omba kuona wanavyofanya kazi. Picha za ukutani zitakuvuta, ila wewe tafuta ndoo ya taka.

Ndoo nzuri ni ya kukanyaga, ina mfuko, na ndani yake kuna glovu nyingi, karatasi za tishu, plastiki ya kufungia chakula iliyovuliwa kwenye waya wa mashine, vikombe vidogo vya wino vyenye wino uliobaki. Ina maana vitu vinatupwa. Pembeni pawe na boksi gumu la njano, lilelile la zahanati, la kutupia sindano. Muulize kwa upole, "Likijaa mnalipeleka wapi?" Anayejibu haraka kwamba ana makubaliano na hospitali yenye tanuri la kuchomea taka, huyo amefikiri. Anayecheka, mshukuru na uondoke. Nimeona studio nzuri, kiyoyozi, sofa, taa za rangi, na sindano zilizotumika zimelala kwenye chupa ya maji ya kunywa. Mzoa taka ndiye atakayezipata kwa mkono.

Baada ya ndoo, tazama wino. Unamiminwa kwenye kikombe kidogo kwa kila mteja, na unaobaki unamwagwa. Ukiona sindano inachovywa ndani ya chupa yenyewe, au wino wa jana unarudishwa chupani, imeisha hiyo. Tazama pia mikono: akiwa katikati ya kazi simu ikalia, je, anaishika na glovu zilezile? Hapo ndipo wengi wanapoanguka, hata wenye majina.

Kama anatumia vifaa vya chuma vinavyorudiwa, lazima awe na mashine ya mvuke wa shinikizo, otoklevu, inayofika nyuzi 121 kwa dakika 15 au zaidi. Kuchemsha kwenye sufuria hakutoshi. Kile kikabati cha taa ya bluu cha saluni hakisafishi kitu, kinapendeza tu. Jiki ni ya meza na sakafu. Siku hizi wengi wanatumia katriji za kutupa, yaani sindano zilizofungwa ndani ya kichwa cha plastiki, na kwa mwanafunzi hiyo ni nafuu: unajifunza kufungua pakiti mbele ya mteja na kumwonyesha tarehe.

Mwisho kabisa ndiyo uangalie michoro yake, na omba picha za tatuu zilizopona. Tatuu ya siku ya kwanza inang'aa hata ikiwa mbovu.

4. Kuomba

Usiombe kwa WhatsApp. Ujumbe ni wa kuuliza tu saa ambayo hana watu. Nenda mwenyewe, asubuhi ya siku ya kazi, umeoga, kucha fupi. Jumamosi jioni kila mtu yuko mbioni na hakuna atakayekusikiliza.

Mimi yalinienda hivi:

"Kaka, habari za kazi?"

"Nzuri, karibu. Unataka kuchora nini?"

"Sijaja kuchora, kaka. Naandika mabango. Nimekuja na daftari langu, ukipata nafasi naomba ulitazame. Natafuta fundi wa kukaa naye nijifunze."

"Nina kazi sasa hivi."

"Naelewa. Nirudi lini?"

Maneno mawili ya mwisho ndiyo yaliyofungua mlango. Aliniambia Alhamisi, akidhani sitakuja. Alhamisi alikuwa hayupo, nikaacha salamu kwa dada wa mapokezi, nikarudi Ijumaa. Alilitazama daftari akiwa amesimama, akafunua kurasa haraka haraka, akasimama kwenye ukurasa wa herufi. Akanipa karatasi na kalamu: "Vuta duara." Nikavuta. "Jingine." Nilivuta maduara kama nusu saa naye anakunywa chai.

Akikukatalia, muulize kitu kimoja cha kurekebisha kwenye daftari, kirekebishe, urudi baada ya mwezi ukiwa na kurasa mpya. Ukikataliwa mara tatu na mtu yuleyule, muache, nenda kwa mwingine kwenye orodha.

Jambo la pembeni ambalo si dogo: nyumbani. Wanazuoni wengi wa Kiislamu wanaihesabu tatuu haramu, na mama wa Kikristo atakufungulia Walawi 19:28 kabla hujamaliza sentensi. Sikuamulii. Ila waambie kabla hujaanza, maana kukaa kwa fundi bila mshahara kunahitaji mtu wa kukupa sahani ya chakula jioni, na ni vigumu kula kwa mtu uliyemficha.

5. Makubaliano yaandikwe

Fundi wangu huyu alikuwa wa pili. Kwa wa kwanza nililipa ada yote siku ya kwanza, taslimu, bila karatasi. Siku ya pili akanipa mashine, nikafurahi kama mtoto. Wiki ya tatu nikagundua kwamba sifundishwi, nachora wateja wake wa bei ya chini huku yeye akipokea hela, na sindano tulikuwa tunaziosha kwa spiriti na kuzirudia. Nilipoondoka hakunirudishia hata senti. Nilikwenda kupima baada ya hapo nikingoja majibu kwa tumbo linalouma. Kwa hiyo sikiliza.

Anayekupa mashine siku ya pili hakupendi. Anayekuahidi cheti baada ya wiki mbili anauza karatasi. Muda wa kweli ni mwaka mmoja mpaka miwili, wengine mitatu, kutegemea unakuja mara ngapi.

Kwenye karatasi moja, yenye sahihi zenu na shahidi mmoja, andikeni: siku na saa za kuja, kama kuna ada, inalipwa kwa awamu kufuata hatua (awamu ya usafi, awamu ya ngozi bandia, awamu ya mtu), si yote kwa mkupuo, nani ananunua sindano na wino wa mazoezi, ukianza kuchora wateja mnagawanaje, na mmoja akitaka kuacha, inakuwaje. Wapo wasiotoza ada lakini wanataka ufanye kazi zao za usafi na mapokezi. Hayo ni malipo pia, na mimi nayaona bora kuliko fedha, kwani hapo mapokezini ndipo unajifunza kumkatalia mlevi. Usiache kazi yako ya sasa. Mabango yalinilisha miezi yote kumi na minne.

6. Miezi ya mwanzo utakuwa msafishaji

Na iwe hivyo. Kazi ya kwanza niliyopewa ilikuwa kufunga meza: plastiki juu ya meza, juu ya kiti, juu ya taa, kwenye waya wa mashine, kwenye chupa ya sabuni ya kupulizia. Kila kitu kitakachoguswa na glovu yenye damu kifungwe, na kazi ikiisha kivuliwe. Fundi alikuwa anapaka kidole chake wino mwekundu, anashika anavyoshika siku zote, halafu ananiuliza mwekundu umefika wapi. Ulikuwa umefika kwenye swichi ya ukutani. Sijaisahau ile swichi.

Jifunze kusoma pakiti ya sindano. Chukua iliyoandikwa 1207RL. Tarakimu mbili za mwanzo ni unene wa sindano moja: 12 ni milimita 0.35, 10 ni 0.30, 08 ni 0.25. Tarakimu mbili zinazofuata ni idadi ya sindano zilizounganishwa, hapa saba. RL ni duara lililobanana, la mistari; RS ni duara lililoachana kidogo, la kivuli; M1 na CM ni bapa, za kujaza maeneo makubwa. Katriji zina alama hizohizo. Fundi akisema "nipe tisa ya laini", yaani RL ya sindano tisa, hutakiwi kuuliza.

Jifunze pia kuhamisha mchoro kwa karatasi ya stensili: nyoa kwa wembe mpya, safisha, paka dawa nyembamba, bandika mara moja tu bila kusogeza, subiri ikauke. Mteja asimame wima ukibandika. Mstari ulionyooka mtu akiwa amelala unapinda akisimama, na lawama ni zako.

Sindano ikikuchoma: vua glovu, osha kwa maji yanayotiririka na sabuni, usikamue, mwambie fundi papohapo, nenda hospitali. Dawa za kinga ya dharura dhidi ya VVU zinatakiwa zianze haraka iwezekanavyo, zisipite saa 72. Fundi anayekuambia "usijali, mteja anaonekana mzima" ni wa kumkimbia.

7. Chungwa, kitimoto, kisha mtu

Mashine utakayoshika kwanza inaweza kuwa ya koili, inayoendeshwa na sumaku ya umeme, yenye mlio wa nyuki. Au itakuwa rotari, inayoendeshwa na mota, ya umbo la kalamu, nyepesi, na nyingi zina betri. Kwa umeme wetu, betri si anasa: hutaki kukatikiwa katikati ya herufi.

Anza na chungwa. Ganda lake lina mviringo kama bega, na linasema kweli: likitoa maji, umezama sana. Kisha ngozi ya silikoni. Kisha, kama dini yako haikuzuii, ngozi ya kitimoto kutoka buchani, iliyo karibu zaidi na yetu kwa jinsi inavyovutika. Ioshe, ipashe joto kidogo, na meza uifunge plastiki kama kwa mteja. Mazoezi ya uchafu yanazaa kazi ya uchafu.

Unachokitafuta ni kina. Wino ukibaki ngozi ya juu, utabanduka na maganda. Unatakiwa ufike ngozi ya ndani, kati ya milimita 1 na 2, ikitegemea sehemu ya mwili. Ukizidi, unasambaa chini na kuacha ukungu wa bluu kando ya mstari, kama kalamu kwenye tishu. Mkono wa pili una kazi kubwa kuliko ule wenye mashine, nao ni kuivuta ngozi ikaze. Wanafunzi wengi wanaolaumu mashine hawavuti.

Hapa ndipo fundi wa hapa kwetu anapoizidi video. Mafunzo mengi ya mtandaoni yanachorwa kwenye ngozi nyeupe, ambayo inakuwa nyekundu ukiiumiza. Yetu haikupi onyo hilo, unalisoma kwa kidole: ikianza kuvimba na kung'aa kama imepakwa mafuta, acha, rudi siku nyingine. Rangi ya ngozi iko juu ya wino kama kioo cha rangi, kwa hiyo njano na waridi hafifu zinapotea kwa watu weusi sana, wakati nyeusi, nyekundu iliyokolea na nafasi tupu zilizoachwa kwa makusudi zinasimama. Na kovu la kuvimba, keloidi, linatupata sisi zaidi. Muulize kila mteja, umwangalie masikio yalipotobolewa, kifua, mahali alipodungwa chanjo. Ukiliona hapo, usichore. Hata akikuongezea hela.

Mtu wa kwanza kwa kawaida ni paja lako mwenyewe, fundi akiwa amekaa pembeni. Wa pili awe mtu mzima aliyezidi miaka 18, hajanywa, anayejua kabisa kwamba wewe ni mwanafunzi, na kitu kidogo cha mistari. Kijana akija anataka mkononi au shingoni, muulize ana mpango wa kuomba polisi au jeshi: matangazo yao ya ajira hukataa walio na michoro mwilini. Nimeshawarudisha nyumbani vijana kadhaa kwa swali hilo, na mmoja alirudi na mama yake kushukuru.

Kama ni jina, mpe kalamu aliandike yeye mwenyewe kwa herufi kubwa, atie sahihi chini. Usiandike kwa kusikia. Tulimpata baba aliyetaka jina la binti yake, nikaandika "Zuhura" kwenye stensili kama ninavyolijua. Fundi akamsukumia karatasi. Akaandika ZUHRA, akakaa akilitazama, akampigia simu mkewe kuhakikisha. Tulisubiri, mashine imezimwa, mpaka simu ikapokelewa.

Mwambie mteja arudi baada ya wiki sita, maganda yakiwa yamekwisha na ngozi imetulia. Piga picha mchana, kivulini, bila kuongeza rangi. Ibandike kwenye daftari lilelile, nyuma ya maduara.